Pambo Limeanguka, Dhahabu Imegeuka Kijani: Kutafuta Kosa katika Mapambo ya Idi ya Kujitengenezea

Usiku wa kuamkia Ramadhani, mwaka wa kwanza nilipojaribu kupamba sebule mwenyewe, nilikaa hadi saa sita nikibandika mwezi mmoja na nyota ishirini za manila juu ya kochi. Nikalala nimeridhika. Saa tisa na nusu, naamka kupasha daku, nikasikia kitu kama mjusi anayedondoka kutoka darini: pwa. Kimya. Pwa. Nilipowasha taa nikakuta nyota kumi na moja sakafuni, na mwezi unaning'inia kwa ncha moja. Mamangu akapita kuelekea jikoni, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Nyota zako zimewahi kusujudu kabla yetu."

Asubuhi nikafanya wanachofanya wengi: nikaenda kununua selotepu pana zaidi. Zikaanguka tena. Ilinichukua misimu mitatu kukubali kwamba kosa halikuwa la selotepu, wala la mkono wangu. Maelekezo mengi ya kuiga mapambo ya bei ghali yametungwa na watu wa nchi za hewa kavu. Sisi tuko Mombasa, kisiwani. Hewa yetu ina maji, ina chumvi, ina joto, na chochote utakachotengeneza kitapambana na hivyo vitatu kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Ukijua ni kipi kati ya vitatu kilichoharibu kazi yako, dawa yake huwa rahisi, na mara nyingi huhitaji hata kutoka kwenda dukani.

Ujue pia uko msimu gani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani haikai mahali pamoja. Ile ya 2018 ilianza katikati ya Mei, masika yamekolea, nguo hazikauki kambani. Ile ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, bado ni kaskazi, unatoka jasho hata ukiwa umekaa. Shangazi akikwambia, "Mimi gundi hii natumia miaka yote, haijanisumbua," muulize kwa adabu ni miaka ipi. Wanaopamba kwa Krismasi wana nafuu: Desemba haihami.

Pambo linabanduka ukutani

Usiokote ukabandika tena. Okota, geuza, tazama mgongo wa selotepu, kwa sababu jibu limeandikwa hapo.

Ikiwa selotepu imetoka na unga mweupe, kana kwamba imepita juu ya ubao wa kusukumia chapati, basi kinachobanduka ni ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hupumua: hunyonya unyevu, huutoa, na kila mwaka huacha unga kidogo juu. Nyumba mpya zilizopakwa rangi nyepesi ya bei ya chini hufanya vivyo hivyo. Hakuna gundi inayoshika unga, hata ile ya kubandikia soli za viatu. Achana na ukuta. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba wa nailoni, uufunge kutoka chuma cha pazia hadi nondo za dirisha, kisha tundika nyota zako kwa urefu tofauti. Kwa mbali mshipi hauonekani, na nyota zinaelea. Duka moja lenye kiyoyozi kule Nyali linauza kitu hichohicho kwa bei ambayo ingetosha kuku wawili na mchele wa pilau.

Ikiwa selotepu imetoka safi na ukiigusa bado inanata, ukuta ni mzima lakini ulikuwa na mafuta au unyevu. Ukuta wa rangi ya mafuta ulio karibu na jiko huwa na utando usiouona. Pitisha kidole na utausikia. Futa kwa spiriti, subiri ikauke, bandika saa nane mchana. Saa ni muhimu. Hewa huwa na unyevu mwingi zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, na mchana hupungua. Mimi nilibandika saa sita usiku, ukuta ukiwa unaanza kunyonya maji, halafu nikashangaa zimeanguka saa tisa.

Ikiwa selotepu imebaki ukutani na karatasi ndiyo iliyoanguka, tazama karatasi. Manila yenye vimetameta haishikwi na selotepu. Selotepu imeshika vimetameta, navyo vimeachana na karatasi. Hiyo usiibandike, ishone. Toboa kwa sindano, pitisha uzi, funga fundo.

Na ikiwa pambo halijaanguka bali limejikunja kama chapati iliyosahauliwa juu ya meza, ulipaka rangi upande mmoja tu. Upande usio na rangi unanyonya unyevu na kutanuka, ule wenye rangi haunyonyi, basi karatasi inavutwa. Paka pande zote mbili, hata kama wa nyuma hauonekani. Kilichojikunja tayari, kipake nyuma kisha kilaze chini ya kitabu kizito siku nzima.

Gundi ilishika usiku, asubuhi imeachia

Hapa nasema gundi ya moto, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa umeme, inayopendwa na kila mtu kwa sababu inashika papo hapo. Tatizo lake ni kioo, vigae na chuma. Vitu hivi ni baridi kuliko gundi na ni laini mno. Gundi inaganda juu kabla haijapata pa kushika. Utaijua: kipande kilichobanduka kina mgongo unaong'aa kama ukucha. Kwaruza kioo kwa msasa mdogo mahali pasipoonekana, futa kwa spiriti, acha chupa juani dakika kumi ipate joto, ndipo ubandike.

Kukiwa na nyuzinyuzi ndefu za gundi kama jibini iliyovutwa, hilo ni kosa jingine: ilishika vizuri, kisha joto likailainisha. Hutokea sana kwa mapambo ya dirisha linalotazama magharibi na kwa yaliyobebwa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa hayo tumia waya au uzi. Msimlaumu fundi wa gundi.

Gundi nyeupe ya mbao haina shida ila moja, nayo ni haraka zako. Kopo linasema saa kadhaa; wakati wa masika ihesabie usiku mzima na mchana wake. Ikiwa bado ni nyeupe pembeni, haijakauka, usiinue kazi.

Supagluu ni kinyume cha zote. Yenyewe hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, kwa hiyo Mombasa inakauka kabla hujapanga vizuri. Ule ukungu mweupe unaobaki kuzunguka pale ulipobandika ni mvuke wa gundi yenyewe uliorudi kutua. Tumia tone dogo, pepea kwa kadibodi wakati inakauka, na kwa kioo au plastiki nyeusi usiitumie kabisa.

Dhahabu imekuwa ya ukungu, au ya mchanga, au ya kijani

Rangi ya dhahabu ndiyo inayofanya chupa ya jamu ionekane kama kitu cha Dubai, na ndiyo inayoumbua mtu haraka kuliko zote. Nilipoteza chupa sita asubuhi moja ya Juni nyuma ya nyumba. Nilizipanga juu ya gunia, nikatikisa mkebe wa rangi ya kupuliza mpaka kile kigololi cha ndani kikalia vizuri, nikapuliza. Zikatoka zinang'aa. Nikaingia ndani kunywa chai, narudi nakuta zimefunikwa na utando wa maziwa, kama jicho la samaki wa jana.

Kilichotokea ni hiki: dawa inayobeba rangi hugeuka mvuke haraka sana, na kinachogeuka mvuke haraka hupoza. Chupa inapoa ghafla, na hewa iliyojaa maji inaacha umande juu ya rangi mbichi. Umande ule ndio utando. Kupuliza tena papo hapo kunaongeza umande. Acha ikauke kabisa, subiri mchana wenye jua, kisha pitisha koti moja jepesi sana. Mara nyingi utando unayeyuka na dhahabu inarudi. Tangu siku hiyo sipulizi kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa kumi jioni, na siku ya mvua sipulizi.

Ikiwa dhahabu yako si ya ukungu bali inakwaruza kama mchanga, uliipuliza kwa mbali au upepo uliichukua. Rangi ilikaukia hewani na kutua ikiwa vumbi. Upepo wa kusi hauna huruma katika hili. Kata boksi kubwa upande mmoja, ingiza chupa ndani, pulizia ukiwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Ukikaribia zaidi itatiririka kama machozi. Hilo dawa yake ni koti tatu nyembamba badala ya moja nene, na kungoja kati yake.

Inabanduka kama ngozi ya nyoka? Chupa haikuoshwa vizuri. Chupa ya siagi ya karanga au ya mafuta ya nazi ina mafuta hata baada ya sabuni. Maji ya moto, sabuni, kisha spiriti, na baada ya hapo usiishike kwa vidole. Tumbukiza kijiti ndani ya mdomo wake uigeuze nacho.

Kuhusu kijani, hapa ndipo chumvi inapoingia. Rangi nyingi za dhahabu za bei nafuu zina unga wa shaba iliyochanganywa na zinki. Unga huo ukikutana na hewa ya bahari unafanya vilevile kama sinia ya bibi isiyosuguliwa: kwanza hudhurungi, kisha kijani kwenye mikunjo. Huwezi kuisugua, kwa sababu utaondoa rangi yenyewe. Funika kwa vanishi isiyo na rangi siku hiyohiyo iliyokauka, si mwezi ujao, ukianza na kipande cha majaribio maana vanishi nyingine hupunguza mng'ao. Ukikuta rangi iliyotengenezwa kwa maika, unga wa jiwe linalometa, badala ya shaba, hiyo haigeuki kijani. Soma kopo.

Fanusi ya mkebe: imebonyea, au ina kutu

Fanusi za shaba zenye matundu zinazotupa nyota ukutani zinaigwa vizuri kwa mkebe wa maziwa ya unga na msumari. Wengi huanza kwa mkebe mtupu, na pigo la tatu mkebe umekuwa sahani. Maelekezo ya mitandaoni yanasema ujaze maji, ugandishe kwenye friji, utoboe barafu ikiwa ndani. Ni kweli inasaidia, ila mambo mawili: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo ukijaza mpaka juu kitako kinavimba, na kwa joto letu barafu inaanza kulegea kabla hujamaliza safu ya pili.

Fundi mmoja wa jua kali aliniona nikihangaika na barafu barazani akacheka. "Dada, huo mkebe ujaze mchanga. Uloweshe, ushindilie kwa gongo la mchi, upige." Ndiyo njia yangu hadi leo. Mchanga uliolowa hauyeyuki, na msumari unaingia bila bati kubonyea. Laza mkebe juu ya taulo lililokunjwa usibingirike. Chora mchoro wako kwenye karatasi, uifunge kwa mpira kuzunguka mkebe, toboa kwa kufuata vitone. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Chukua wa ujenzi.

Kutu huanzia kwenye matundu, kwa sababu pale msumari ulipopita umevunja ule utando unaokinga bati. Hapa kwetu siku tatu zinatosha kuona pete za kahawia. Osha mchanga wote, kausha juani, paka rangi ya chini ya kuzuia kutu jioni ileile, ndani na nje, na ukingo wa kila tundu. Kutu ikiwa imeshaanza, isugue kwa msasa hadi bati lionekane. Rangi inayopakwa juu ya kutu huinuka nayo.

Ikiwa fanusi imetoka nzuri lakini haitupi nyota ukutani, taa iliyo ndani ni ndefu au zimo nyingi. Kivuli kikali hutoka kwenye nukta moja ya mwanga. Weka taa moja ndogo katikati, toa zile nyingine.

Jasi inaganda mkononi au inamong'onyoka

Watu wanataka vile vishikio vizito vya mishumaa na sahani ndogo nyeupe za tende zinazofanana na jiwe. Jasi inaziweza. Kipimo cha kawaida ni sehemu mbili za unga kwa moja ya maji, unga unamwagwa ndani ya maji na si maji ndani ya unga, na kwa kawaida una dakika kadhaa za kumimina kabla haijakaza.

Ikikukazia ndani ya dakika mbili, onja maji yako. Nyumba nyingi za Mombasa zinatumia maji ya kisima, na mengi yana chumvi ya kusikika ulimini. Chumvi kidogo huharakisha jasi kukaza. Nilifikiri nimeuziwa unga mbovu, nikarudi kugombana dukani, kumbe kosa liko kwenye bomba langu. Bado naona haya kupita pale. Tumia maji matamu, yale ya kununua kwa mtungi. Mabaki ya jasi ya jana kwenye bakuli huharakisha vilevile, basi bakuli liwe safi kabisa.

Ikimong'onyoka kama biskuti, unga umekuwa wazi muda mrefu na umeshakunywa unyevu wa hewa. Huo hauponi. Nunua kidogo, funga kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Na ukiona manyoya meupe ya unga yanaota juu ya kazi iliyokauka, ni chumvi ya maji inayotoka nje. Ipanguse kwa brashi kavu, usiioshe, na usipake rangi mpaka iache kutoka.

Jasi inapokaza hutoa joto, kwa hiyo usimruhusu mtoto azamishe mkono ndani ili apate alama ya kiganja. Wala usimwage mabaki kwenye sinki, labda kama unampenda sana fundi wa mabomba.

Taa hazina nguvu, au nusu zimezimika

Kwanza fungua kisanduku cha betri. Unga wa kijani au mweupe kwenye springi ni betri iliyovuja. Toa betri, chovya pamba kwenye siki, sugua, kausha vizuri. Ukimaliza msimu toa betri zote. Kuziacha ndani mwaka mzima ndiko kunakoua taa nyingi.

Taa zinawaka lakini hafifu na betri ni mpya: je, ni za kuchajiwa? Betri ya kawaida ina volti 1.5, ya kuchaji ina 1.2, na tatu zikikaa pamoja upungufu unaonekana.

Ikiwa ni uzi wa waya mwembamba wa shaba na taa zimezimika kuanzia mahali fulani hadi mwisho, waya umekatika au umeliwa na chumvi hapo hapo. Usiutundike tena kwenye nondo za dirisha linalotazama bahari. Zile za kuchomeka ukutani zenye miguu miwili zinazolazimishwa kwa kalamu kwenye soketi zetu za miguu mitatu sitazitolea ushauri. Umeme wetu ni volti 240. Tafuta adapta ya kweli, na usizitoe nje penye mvua.

Mshumaa wa kweli ndani ya fanusi ya karatasi, mwaa au kitambaa, hapana. Hata kwa picha moja tu.

Mwaa una kuvu, unga umevutia mende

Mashada ya ukili, ule msuko wa mwaa, yanayozunguka mlango ni mapambo yetu wenyewe kabla hayajawa ya madukani ya watalii. Yakiota madoadoa ya kijivu, hayakukauka kabla ya kushonwa au yameegemea ukuta wa nje unaotoa jasho. Yatoe juani, piga brashi ukiwa nje, pangusa kwa kitambaa chenye siki, anika tena. Ukiyarudisha, yaning'inie bila kugusa ukuta. Upana wa kidole unatosha hewa kupita.

Vibakuli vya karatasi na gundi ya unga wa ngano ni chakula, na mende wanalijua hilo. Tone chache za mafuta ya karafuu kutoka soko la Marikiti zikichanganywa kwenye uji wa gundi huzuia kuvu, lakini kinachowakatisha tamaa mende ni vanishi pande zote, na chini pia. Ukiona unga mlaini kama poda chini ya kifuu cha nazi au kijiti ulichookota, humo mna dumuzi. Kitoe ndani leo, kabla hajahamia kwenye kochi. Makombe ya bahari nunua au rithi. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa kuyaokota hakuruhusiwi.

Kila kitu kimeshika, na bado kinaonekana cha bei rahisi

Hii ndiyo dalili inayoumiza, kwa sababu huoni kosa. Nitasema maoni yangu: mara nyingi ni rangi ya mwanga. Boksi la taa huandikwa namba na herufi K. Zenye 6500K ni za samawati, zinafanya dhahabu ionekane plastiki na wageni waonekane wagonjwa. Tafuta 2700K hadi 3000K. Badilisha hilo peke yake, keti, tazama tena. Nusu ya sebule nilizoitwa kuokoa zimeokoka hapo.

Baada ya mwanga, wingi. Nenda kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili utazame zidaka, vile vidirisha vipofu vilivyochongwa kwenye plasta ya ukuta: umbo moja linarudiwa na kurudiwa, rangi ni nyeupe tupu, uzuri wote unatoka kwenye kivuli. Sasa tazama meza yako yenye mwezi wa samawati, nyota za waridi, riboni nyekundu na vimetameta vya kila aina. Chagua umbo moja na rangi mbili. Fanusi tano zinazofanana zilizotengenezwa kwa mikebe hushinda vitu kumi na vinne tofauti vilivyonunuliwa.

Na mito ya leso. Malalamiko ni kwamba inaonekana kama leso iliyojazwa pamba, na kweli ndivyo ilivyo. Leso ni nyepesi; ishonee kitambaa cha marekani kwa ndani, na mto wa ndani uzidi foronya kwa sentimita 3 hadi 5 ili pembe zijae. Usikate pindo ovyo. Lipange lizunguke kama fremu, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye leso, likae chini, lisomeke, wima. Nilimwona mtu Biashara Street amenunua doti nzuri sana, nyumbani akaikata katikati ya jina, mto mmoja ukabaki unasema nusu ya kijembe. Wageni walikaa wakijaribu kukisia nusu ya pili inamlenga nani.

Mwaka ujao unafungua boksi na kila kitu kimegandana

Idi ikianguka Machi, tunakunja mapambo mwezi uleule masika yanapokaribia, kwa hiyo tunayafungia ndani ya boksi pamoja na unyevu wote. Usikunje jioni ya Idi Pili ukiwa umechoka. Ngoja siku ya jua kali, yatandaze nje saa sita, yaache yapoe kivulini, ndipo ufunge. Vilivyopakwa rangi usivizungushie gazeti, wino na rangi vitashikana. Tumia vipande vya leso kuukuu. Mchele wa kunyonya unyevu usiweke, utaleta fukusi. Boksi la plastiki lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje.

Langu lina karatasi iliyobandikwa kwa ndani ya kifuniko, na kila mwaka naongeza mstari: kilichoanguka, siku gani, saa ngapi. Mstari wa juu kabisa bado unasema: nyota kumi na moja, saa tisa na nusu.